Sweta Hili Haliuzwi

Mwanamke afumaye hadharani hulijua swali kabla halijatoka kinywani mwa muulizaji. Mimi huulizwa nikiwa kwenye foleni ya benki, huulizwa kituo cha basi, huulizwa katika chumba cha walimu wakati wa chai. Mtu huvitazama vidole vyangu, hulitazama donge la uzi lililomo mfukoni, husogea, huishika ncha ya kazi yenyewe kana kwamba ni kitambaa kilichotandazwa dukani, kisha husema: "Unauza bei gani?" Nikimjibu kwamba siuzi, kwamba ni la mama yangu, hapo ndipo nasaha huanza. Ati nitafute wenzangu wanne tusajili kikundi. Ati nipange fremu pale Makanyagio. Ati kipaji kisichoingiza fedha ni mali iliyofukiwa.

Naandika ili kuwapinga watoa nasaha hao. Wengi wao ni watu ninaowaheshimu, na nia yao ni njema. Lakini ndani ya nasaha zao mna dharau ambayo wenyewe hawaioni, na dharau isiyoonekana na mwenyewe ndiyo ngumu kuliko zote kuijibu kwa adabu.

Kwanza nijieleze. Mimi ni mwalimu wa sekondari katika mji wa Mpanda. Nasoma shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa namna yangu, wasioweza kuiacha kazi wakaenda kukaa bwenini. Mama yangu anaishi Ufipa, nje kidogo ya Sumbawanga, katika nyanda za juu ambako mwezi wa Juni na Julai baridi humlaza mtu mzima na makoti mawili. Mpanda na Sumbawanga zilikuwa mkoa mmoja wa Rukwa hadi mwaka 2012 ulipoundwa Mkoa wa Katavi. Sasa ni mikoa miwili, na kati yangu na mama pana zaidi ya kilomita 200, njia ikipita Sitalike penye viboko wa mto Katuma, ikikata katika Hifadhi ya Katavi na kupanda kuelekea Namanyere. Sitaki kumwandikia mama ujumbe wa simu wa kumpa pole kwa baridi. Nimemfumia sweta.

Nalifuma saa ngapi? Swali hili nalo lina watu wake. Hawa ni wale wanaoniambia kwamba mwanafunzi wa uzamili mwenye vipindi 22 kwa wiki hana haki ya kushika sindano. Ningewajibu kwa kuwapeleka nyumbani kwangu usiku umeme unapokatika. Kwa miaka mingi mji huu ulikuwa nje ya Gridi ya Taifa, ukiwashiwa taa na majenereta ya dizeli, na waliokulia hapa walijifunza mapema ni kazi zipi zinafanyika gizani na zipi hazifanyiki. Kusoma hakufanyiki. Kufuma kwafanyika, maana vidole huhesabu vitanzi vyenyewe. Tena nawapeleka katika treni ya Tabora, inayotambaa kutoka Mpanda hadi Kaliua kwenye reli iliyojengwa na Waingereza ili kuchukua madini ya risasi ya Uruwira. Mgodi ulikufa, reli ikabaki, nasi abiria tukaurithi mwendo wake. Katika safari moja ya treni hiyo nilimaliza mkono wa kushoto, na kichwani nikaipanga upya hoja nzima ya sura ya pili ya tasnifu yangu. Mwenye kudhani kwamba mkono unaofuma ni akili iliyolala hajapata kufuma.

Lakini wenye hoja ya muda nawasamehe upesi. Wanaonikera ni wenye hoja ya bei.

Tufanye hesabu basi, kwa kuwa wao hupenda hesabu. Sweta la mama lilinichukua saa 74. Nilizihesabu nyuma ya daftari la maandalio ya masomo, si kwa sababu nyingine ila ubishi. Uzi peke yake ulinigharimu kuliko sweta la mtumba, ambalo sokoni hapa hulipata zuri kwa elfu tano, na ukiwa hodari wa kupatana hushuka zaidi. Sasa nikizitia saa 74 katika bei, kwa kiwango cha chini kabisa ambacho mshahara wa mwalimu hulipa kwa saa, sweta litakuwa na bei ambayo hakuna mtu wa Mpanda atakayeitoa, wala mimi mwenyewe nisingeitoa. Kwa hiyo ili niuze sina budi kuzifuta saa. Nizihesabu kuwa si kitu. Huo ndio undani wa nasaha ya biashara kwa mfumaji wa mkono: wanapomwambia auze, wanamwambia akubali mbele ya watu kwamba muda wake hauna thamani. Akiufuma kwa ajili ya mama yake bila malipo, muda huo ni zawadi ya saa 74. Akiuuza kwa elfu tano, umekuwa takataka ya saa 74 iliyonunuliwa kwa elfu tano.

Nilihudhuria semina moja ya ujasiriamali, na mwezeshaji, kijana mchangamfu, akatueleza mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria tangu mwaka 2018. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Sina ugomvi nayo. Mama anayefuma ili watoto wale, akakopa akanunua mashine, akapata soko la sare za shule, Mungu amzidishie. Ugomvi wangu ulianza mwezeshaji alipoliona sweta mapajani mwangu, akaliinua juu watu wote walione, akaliita "fursa". Nikamwambia ni la mama. Akacheka, na ukumbi ukacheka naye: mama atalipata bure hilo moja, yatakayofuata yauzwe!

Laiti kijana yule angaliijua historia ya mahali alipokuwa amesimama. Ufipa na bonde la Rukwa ni nchi iliyofuma nguo. Pamba ililimwa bondeni, ikasokotwa kwa mkono, ikafumwa katika vitanda vya mfumi vilivyolazwa chini, ikatoka nguo nzito ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliisifu katika maandishi yao. Mwenye kutaka kusoma habari za sekta hiyo aanze na kitabu cha Helge Kjekshus cha mwaka 1977. Watu hawa hawakuwa na semina. Walikuwa na soko, walikuwa na ustadi, walikuwa na wateja waliowazunguka. Kisha ikaja merikani.

Hapa nawaomba wasomaji wa visiwani wanivumilie, kwa kuwa kisa hiki kilipita mlangoni kwao. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na wafanyabiashara wa Salem wakawa wakileta Unguja majora ya kitambaa kisichotiwa rangi kilichofumwa na mashine za Massachusetts. Kikapewa jina la kwao. Kutoka bandari ya Unguja merikani ilivushwa bara, ikapanda vichwani mwa wapagazi hadi Unyanyembe, na kutoka huko ikatawanyika hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikata merikani kwa muda, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikaziba pengo. Mfumi wa Ufipa hakupata nafuu ya kudumu. Nguo yake ilikuwa nzito zaidi, ikidumu zaidi. Lakini ya mashine ilikuwa rahisi, na ilikuja nyingi, na ilikuwa fedha na heshima kwa wakati mmoja. Baadaye ukaja utawala wa kikoloni na kodi zake, na vitanda vya mfumi vikaoza vibandani.

Basi mtu anaponishauri nishindane na mashine kwa bei, ananirudisha katika vita ambavyo babu zake mama yangu walikwisha kushindwa, tena wao wakiwa na silaha nilizokosa mimi. Hatupigani tena uwanja ule. Kilichobaki kwa mkono ni kile ambacho mashine haiwezi kukifanya hata ikitoa masweta elfu kwa saa: kumfumia mtu mmoja, kwa kipimo cha bega lake la kulia lililoinama kwa miaka ya kubeba kuni.

Najua nitajibiwa kwa kofia. Nilisoma shahada yangu ya kwanza Unguja, nikapanga chumba Ng'ambo kwa bi mkubwa mmoja aliyekuwa akishona kofia za viua. Alikaa uani baada ya alasiri, miwani puani, akitoboa na kuzungushia uzi kitundu baada ya kitundu, na kofia moja ilimchukua wiki nyingi. Kofia zile ziliuzwa, tena bei yake haikukaribia bei ya zile za mashine. Kumbe basi kazi ya mkono yauzika! Naam, yauzika, palipo na watu wanaojua kuitambua. Mwanamume wa visiwani akiingia msikitini au harusini, wenzake hukijua kiua cha mkono kwa mbali, na heshima ya kutambuliwa huko ndiyo inayolipiwa. Sweta la Mpanda halina baraza la kulitambua. Na hata hivyo bi mkubwa hakuziuza zote. Iliyokuwa nzuri kuliko zote, ambayo niliona akiifumua mara mbili kwa kosa nisiloliona mimi, alimshonea mwanawe aliyekuwa Maskati. Nilimwuliza ingefika bei gani, nami nikiwa mjinga kama hawa wanaoniuliza leo. Hakunijibu. Alinitazama juu ya miwani, akaendelea na kazi.

Lipo pingamizi jingine, na hili ndilo linalonikosesha usingizi. Rafiki yangu mmoja, msomi kuliko mimi, husema kwamba sindano ilikuwa kamba. Shule za misheni na za serikali ya kikoloni ziliwafunza wavulana hesabu za ukarani na wasichana kushona, kufuma na kupika, ili makarani wapate wake. Baada ya uhuru likabaki somo la sayansikimu, na waliokaa darasani humo kwa sehemu kubwa wakabaki kuwa wasichana. Leo mwanamke amefika uzamili, husema rafiki yangu, naye bado yuko na donge la uzi mapajani, akimfumia kila mtu katika ukoo, na anakuita huko kuwa ni uhuru.

Siwezi kumwambia amekosea. Kaka yangu naye alisoma uzamili akiwa kazini, huko Dar es Salaam, na hakuna shangazi hata mmoja aliyemwuliza mbona hajamtumia chochote kilichotoka mikononi mwake. Mimi, baada ya sweta la mama kuonekana kanisani, nilipigiwa simu na watu saba katika wiki mbili. Mtoto wa fulani anazaliwa Septemba, nifume soksi na kofia. Baba mdogo naye anaona baridi. Yaliombwa kwa upole, yaliombwa kwa jina la undugu, na kila ombi lilikuwa na uzito wa kodi. Kwa hiyo wapo wawili wanaoiua zawadi, na hawafanani: mwenye semina anayetaka kuitia bei, na ndugu anayetaka kuifanya haki yake. Wote wawili hawaoni saa 74. Mmoja huzinunua kwa bure, mwingine huzichukua kwa bure.

Ila sikubaliani na rafiki yangu kwamba dawa ni kuitupa sindano. Kamba aliyofungwa nayo bibi, mjukuu aweza kuitekea maji. Nilichokataa ni oda, iwe ya mteja au ya shangazi. Namfumia nimtakaye, wakati niutakao, na mwenye kuomba najibu kwa heshima zote kwamba sitafuma. Mara ya kwanza nilipomjibu hivyo mtu mzima aliyenizidi umri sauti ilinitetemeka. Baba mdogo hajanisemesha tangu Pasaka.

Nililipeleka sweta mwenyewe, nikalala siku mbili. Mama alilivaa akiligeuza, mishono nje, na urembo wa kifuani ulionigharimu wiki tatu ukiwa umelala ndani usionekane na mtu. Nikamwambia, mama, umeligeuza. Akasema anajua, upande ule wenye maua ndio laini, na mwili wake ndio unaosikia baridi, si majirani. Amelivaa hivyo tangu siku hiyo.

Juzi kaka amenitumia fedha kwa simu, shilingi laki moja na nusu, pamoja na ujumbe: nimfumie la bluu, shingo ya V, na chenji nibaki nayo. Nimezirudisha zote, na makato ya kurudisha nimeyalipa mimi. Amekasirika, amesema sijui kutofautisha msaada na matusi. Huenda nikamfumia. Nina uzi wa bluu ndani. Lakini kwanza nina sura ya tatu ya kuwasilisha mwisho wa mwezi, na karatasi 118 za kidato cha tatu hazijasahihishwa.