Kompyuta Hainawi Mikono

Mgonjwa huenda hospitali kutafuta uzima. Ni msiba, basi, anapoambukizwa humo humo maradhi ambayo hakuja nayo. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilieleza kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 15 katika kila 100 wanaolazwa hupata maambukizo wakiwa hospitalini. Katika nchi tajiri ni 7. Watumishi nao hawasalimiki: mkoani Kagera, mwaka 2023, ugonjwa wa Marburg uliua watu sita, akiwemo mtumishi wa afya.

Wataalamu wanayo njia ya kuyachunguza maambukizo hayo bila kumhatarisha mgonjwa hata mmoja. Wodi huigizwa ndani ya kompyuta, pamoja na vitanda, wauguzi, wagonjwa na bomba la maji. Muuguzi hutembezwa kutoka kitanda hadi kitanda, na kila mguso hupewa kadirio la kupitisha vijidudu. Zamu moja hurudiwa mara elfu. Kisha hubadilishwa jambo moja tu: bomba lisogezwe karibu, muuguzi aongezwe, au mgonjwa atengwe. Halmashauri yenye fedha za jambo moja tu ingepata hapo msingi wa kuchagua. Hiyo si anasa.

Hata hivyo, kompyuta hurudisha tu matunda ya kile ilicholishwa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mitambo ya hesabu za Serikali kushindwa kuleta manufaa yaliyotarajiwa. Marufuku hayo yalikwisha zamani, lakini funzo lake lingali hai: mtambo usitangulie maarifa ya kazi yenyewe.

Wodi iliyoundwa kwa vipimo vya Ulaya haimjui ndugu aliyetoka kijijini Mtama, mkoani Lindi, kuja kumlisha na kumwogesha mgonjwa wake. Wala haizijui siku za bomba kukauka. Yasipohesabiwa hayo, jibu litapendeza karatasini na kupotosha wodini. Kwa hiyo muuguzi anayeandika kwa uaminifu kila kidonda cha upasuaji kilichotunga usaha, na ofisa anayeandika kila siku isiyo na maji, ndio watafiti wa kwanza. Daftari la uongo huzaa hesabu ya uongo, hata ikipigwa na mtambo wa namna gani.

Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi kuzunguka redio. Wakasikiliza, wakajadili, kisha wakachimba vyoo. Elimu ilifuatwa na jembe. Leo pia hapana budi iwe hivyo. Kompyuta yaweza kuonyesha mahali pa kuweka bomba, lakini haileti maji, wala hainawi mikono. Kutenga fedha ni wajibu wa Halmashauri. Kuwazoeza watoto usafi ni wajibu wa mwalimu. Na kunawa kabla ya kumgusa mgonjwa ni wajibu wa kila mtumishi, kila mara.