Mahari ya Dhahabu: Gramu na Karati

Aghalabu tunapotaja mahari ya dhahabu, tunahesabu gramu na kuisahau karati. Hapo ndipo haki ya bibi harusi inapoweza kupungua pasi na mtu kutambua. Dhahabu safi ni karati 24. Chapa ndogo iliyo kwenye kifungio cha mkufu au ndani ya pete huonyesha sehemu za dhahabu katika kila sehemu 1,000: 916 ni karati 22, 750 ni karati 18. Basi mkufu wa gramu 20 wenye chapa ya 750 una gramu 15 tu za dhahabu. Zilizosalia ni fedha, shaba na mfano wake. Twawanasihi wazazi: kubalianeni gramu na karati kabla ya nikaha, na sonara aandike yote mawili katika risiti. Mahari ni haki ya mke. Ni wajibu ajue anachopewa.