Barua ya Basari Si Mtihani wa Kizungu

Wasee, leo nataka tuongee kuhusu barua. Najua unajiambia barua ni kitu cha darasani, lakini nipe dakika tano tu.

Kuna mama jirani hapa Mahoo alikuja kwetu jioni moja na karatasi ya fulskepu imekunjwa mara nne. Binti yake yuko kidato cha tatu, karo imebaki, na kuna ofisi ilikuwa inapokea maombi ya basari. Mama alikuwa ameandika barua mwenyewe kwa Kiswahili, mwandiko safi kabisa. Alipoipeleka akaambiwa pale mapokezi, "Mama, enda uandike hii kwa Kizungu ndio urudi." Siku ya mwisho ilikuwa kesho yake.

Ikabidi binti aandike. Na binti akafanya kile sisi wote tulifundishwa. Akaanza: "Dear Sir, I hope this letter finds you in good health. How is the weather on your side?" Aya ya kwanza yote ni salamu. Aya ya pili ni jua la Taveta. Karo yenyewe imetajwa karibu na mwisho wa ukurasa, bila hata kusema ni pesa ngapi. Halafu akamalizia na "Yours lovingly".

Nilicheka, sitadanganya. Kisha nikasoma ile ya mama. Mistari minane: jina la mtoto, shule, kidato, karo ya muhula, kiasi alicholipa, kiasi kilichobaki, kwamba yeye huuza ndizi na ndovu waliingia shambani wakavunja migomba, na namba ya simu. Basi. Kila kitu ambacho mtu wa basari anahitaji kujua kilikuwa pale.

Hapo ndipo kicheko kiliisha. Barua nzuri ilirudishwa mlangoni, na ile mbovu ndiyo ingepokelewa, kwa sababu tu ni ya Kizungu. Kwa maoni yangu, tumechanganya vitu viwili. Kujua kuandika barua rasmi ni kitu kimoja, kujua Kiingereza ni kingine. Na huku kuchanganya kunawaumiza wazazi wetu.

Chanzo ni vile tulisoma. Kwenye KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiingereza iko na alama 60, na 20 kati ya hizo ni za uandishi wa kiuamilifu, mambo kama barua, kumbukumbu za mkutano na ripoti. Kwenye Kiswahili, swali la kwanza la Insha ni la lazima, na mara nyingi barua hutokea hapo. Kwa hivyo tunakariri. Anwani hapa, tarehe pale, "RE:" kwa herufi kubwa na mstari chini, "Yours faithfully". Tunajua pahali pa kuweka, lakini wengi wetu hatukuwahi kuambiwa kila kipande ni cha nini.

Wacha niseme kwa ufupi. Anwani yako iko pale ndio ujibiwe. Tarehe iko pale ndio kesho usiambiwe ulichelewa. Ile "RE" wengi tunadhani ni kifupi cha "reference", kumbe ni neno la Kilatini lenye maana ya kuhusu jambo fulani. Kazi yake ni kumwonyesha msomaji shida yako kabla hajasoma kitu kingine. Ukianza na "Dear Sir" au "Dear Madam" kwa sababu hujui jina lake, unamaliza na "Yours faithfully". Ukimtaja kwa jina, unamaliza na "Yours sincerely". Hiyo "Yours lovingly" mwachie shangazi.

Na salamu je? Hapa namtetea binti wa jirani. Sisi tumelelewa hivi: ukifika kwa mtu, unasalimia kwanza. Unauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, ndio uje kwa shida yako. Ukianza na shida moja kwa moja, utaambiwa huna adabu. Barua ya kirafiki inafuata njia hiyo hiyo, ndio maana inatuingia haraka. Barua rasmi inafuata njia nyingine kwa sababu anayeisoma ana rundo mbele yake, hakujui, na pengine si yeye atakayeamua. Kwa mtu kama huyo, adabu ni kumrahisishia kazi. Mwalimu akieleza hivyo mara moja tu, hakuna mtoto atauliza ofisi habari za hali ya hewa tena.

Sasa angalieni mpakani. Kutoka Taveta mjini hadi Holili, upande wa Tanzania, ni karibu sana. Bodaboda inakufikisha kabla hujamaliza kuperuzi TikTok. Kule mtu akiomba kazi serikalini au akilalamika kuhusu shamba, anaweza kuandika kwa Kiswahili. Pale sisi tunaandika "RE:", yeye anaandika "YAH:", yaani yahusu. Wengine wanamalizia na "Wako katika ujenzi wa taifa". Barua hizo zinasomwa, zinajibiwa, zinawekwa kwenye faili. Hakuna mtu anamwona mwandishi wake kama hajasoma. Mwendo mfupi tu kutoka kwetu, na lugha ile ile tunayotumia sokoni inatosha kabisa ofisini.

Utasema, aah, hiyo ni Tanzania. Sawa, rudi Kenya. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Zote mbili. Kuna pia ile sheria ya mwaka 2016 kuhusu haki ya kupata habari kutoka ofisi za umma. Kifungu chake cha 8 kinasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Na kama mtu hawezi kuandika kwa sababu hajui kusoma au ana ulemavu, ni kazi ya afisa kumsaidia. Sheria hiyo ni ya kuomba habari, haizungumzii basari, lakini inaonyesha wazi kwamba walioitunga hawakuona shida yoyote na barua ya Kiswahili kwenye meza ya serikali. Mtu wa mapokezi anayemrudisha mama nyumbani ametoa wapi sheria yake?

Najua wengine mtanijia juu. "Bro, dunia ni ya Kizungu." Nakubali, na sisemi tuache Kiingereza. Ukiomba kazi kwa kampuni ya Nairobi au nafasi ya chuo ng'ambo, barua itakuwa ya Kiingereza, na ikiwa na makosa utaachwa. Jifunze vizuri. Lakini jifunze kuandika, usijifunze kunakili. Siku hizi tunaambia AI itutengenezee barua, inatoka na maneno matamu sana ambayo hayana hata shilingi moja ya karo ndani yake. Jirani yako naye ametoa ile ile. Watu wa basari wakisoma barua 30 zinazofanana, watakukumbuka kwa nini? Ile ya mama yenye migomba iliyovunjwa na ndovu, hiyo ingekumbukwa.

Ule usiku tulifanya hivi. Nilichukua barua yake ya Kiswahili, tukakaa na binti yake, tukaitafsiri mstari kwa mstari. Ikatoka mistari minane ya Kiingereza rahisi. Hakuna neno kubwa. Juu tukaweka kichwa kinachosema ni ombi la basari, la nani, na shule gani. Asubuhi mama akapeleka zote mbili, pamoja na fotokopi moja iliyogongwa mhuri akarudi nayo nyumbani. Ile ya Kiingereza ndiyo ilipokelewa. Majina bado hayajatoka.

Na hapa nijilaumu kidogo. Ningeweza kumwambia, "Mama, rudi na hiyo hiyo ya Kiswahili, ni haki yako." Sikusema. Siku ilikuwa imebaki moja, na huwezi kutumia karo ya mtoto wa mtu kupigania kanuni. Ndio maana sitaki hii vita iachwe kwa mama mmoja mmoja mlangoni. Ni ofisi zenyewe zinafaa kubandika karatasi ukutani: barua zinapokelewa kwa Kiswahili au Kiingereza. Hiyo ni karatasi moja na selotepu. Na walimu wetu, mnaofundisha barua rasmi kwenye masomo yote mawili, mwambieni mtoto kwamba ile ya Kiswahili pia ni barua ya kweli, si ya kutafuta alama tu.

Kwetu sisi vijana, nina ombi moja. Wengi wetu ndio makarani wa nyumba zetu. Sisi ndio tunaitwa fomu ikija, barua ya chifu ikihitajika, ndovu wakiingia shambani. Mzazi akikuita, usikimbilie Kizungu. Mwambie aseme shida yake kwa lugha yake, andika vile anasema, hesabu ziwe sawa, ndio utafsiri kama lazima. Na kabla hajatoka nyumbani, hakikisha ana kopi. Barua bila kopi ikipotea ofisini, ni kama hukuandika.

Binti wa jirani sasa anajua tofauti. Juzi aliniandikia meseji ya kunishukuru. Alianza na salamu, akauliza habari za nyumbani, akaniambia mvua imenyesha. Hiyo iko sawa kabisa.