Matembezi Katika Kijiji cha Wavuvi cha Claddagh

Magharibi mwa nchi ya Ayalandi, pale mto Corrib unapomwaga maji yake baharini, upo mji wa Galway. Ng'ambo ya mto, mkabala na ukuta wa kale wa mji huo, kilikaa kwa karne nyingi kijiji cha wavuvi kiitwacho Claddagh. Jina hilo latokana na neno la Kiayalandi lenye maana ya ufuko wa mawe. Leo wageni wa nchi nyingi hufika huko na kutembezwa kwa miguu na mtu azijuaye habari za mahali. Jambo la kustaajabisha ni kwamba nyumba walizokuja kuziona hazipo tena.

Matembezi hayo aghalabu huanza upande wa mjini, kwenye tao la mawe liitwalo Tao la Kihispania. Lilijengwa mwaka 1584 ili kuongeza urefu wa ukuta wa mji na kuzilinda gati zake. Karibu na tao hilo ndipo palipokuwa soko la samaki, na hapo kiongozi huanza kueleza habari za mabibi wa Claddagh. Mvuvi alipofika nchi kavu, kazi yake ilikuwa imekwisha. Samaki wote walitiwa mikononi mwa mkewe. Yeye ndiye aliyewachukua kwa vikapu, akavuka mto, akauza sokoni na kuzishika fedha zote. Mahitaji ya nyumba, ya watoto na hata ya mume mwenyewe yalitoka katika mfuko wa bibi.

Wageni wakisha vuka daraja la Wolfe Tone, huingia Claddagh yenyewe, na mbele yao huwa bandari ndogo iliyojaa mabata-maji weupe. Zamani hapo palifungwa mashua za kijiji: mwili mweusi uliopakwa lami, na matanga ya rangi ya hudhurungi. Rangi hiyo haikuwa pambo. Matanga yalichovywa katika maji yaliyochemshwa kwa magome ya miti, ili yasioze kwa chumvi na mvua. Kwa mashua hizo wanaume walifuata heringi, samaki wa jamii moja na dagaa wa baharini ila mkubwa zaidi.

Hapo ndipo mgeni aelezwapo habari za mfalme wa Claddagh. Hakuwa mfalme wa damu wala wa utajiri, bali alikuwa mvuvi kama wenzake. Mwanahistoria James Hardiman, aliyeandika habari za Galway mwaka 1820, aeleza kwamba wavuvi walichagua kiongozi wao kila mwaka katika sikukuu ya Mtakatifu Yohana, mwezi wa Juni. Kiongozi huyo aliamua ugomvi wa wenyeji, nao mara chache walipeleka mashtaka mbele ya mahakimu wa mjini. Baharini alikuwa jemadari wa mashua zote, na chombo chake kilitambulika kwa rangi nyeupe juu ya mlingoti. Amri kuu ilikuwa moja: watu watoke pamoja. Aliyekwenda peke yake kabla ya wenziwe alihesabiwa kuwa ameiba riziki ya wote.

Kutoka bandarini, njia hufika kwenye kanisa la mapadre wa shirika la Wadominiko, waliofika mahali hapo mwaka 1488. Jengo la sasa ni la mwaka 1891. Hata leo, kila mwezi wa Agosti, padre hupanda mashua na kuibariki ghuba yote pamoja na wavuaji wake. Karibu na kanisa mapadre walianzisha shule ya uvuvi mwaka 1846, ili watoto wa kijiji wafundishwe kusoma pamoja na ufundi wa nyavu.

Shule hiyo ilianza wakati mbaya. Tangu mwaka 1845 ugonjwa wa viazi ulikuwa umeleta njaa kuu katika Ayalandi yote. Mtu aweza kuuliza: wavuvi wangeonaje njaa, na bahari i mlangoni? Jibu lake ni la kuhuzunisha. Viazi vilipokwisha, jamaa za Claddagh ziliweka rehani nyavu na vyombo vyao ili kununua chakula cha siku chache. Nyavu zilipokuwa dukani kwa mkopeshaji, hapakuwa na njia ya kuvua tena. Watu wa madhehebu ya Wakweka walipofika na kuona hali hiyo, hawakutoa chakula tu. Waliwakopesha wavuvi fedha za kukomboa nyavu zao.

Baada ya hapo wageni huingia katika mitaa. Hapa zamani zilisongamana nyumba za mawe zilizopakwa chokaa na kuezekwa kwa majani, zikielekea huku na huku pasipo mpango. Mwaka 1913 wanawake wawili Wafaransa, Marguerite Mespoulet na Madeleine Mignon-Alba, walizipiga picha za rangi, ambazo ni miongoni mwa picha za rangi za kwanza kabisa za Ayalandi. Mtu atazamaye picha hizo huona uzuri mwingi. Lakini ndani ya nyumba hizo mlikuwa na unyevu na msongamano, na kifua kikuu kiliua watu. Katika miaka ya 1930 nyumba za zamani zilibomolewa, na nyumba za kisasa za halmashauri ya mji zikajengwa.

Je, wakuu wa mji walikosea? Mama aliyemzika mtoto kwa kifua kikuu hangeweza kulilia paa la majani. Nyumba kavu yenye maji safi ni haki ya kila jamaa. Hata hivyo, pamoja na kuta zile iliondoka desturi ya kuishi ambayo meli za mvuke zenye nyavu za kukokota zilikuwa zimekwisha idhoofisha, na lugha ya Kiayalandi ikafifia pia. Jamaa za askari, zilizozoea kuhamishwa kutoka kambi hii hadi ile, zajua vema kwamba jirani hajengwi na fundi wa matofali.

Mwisho wa njia ni gati la Nimmo, lililopewa jina la mhandisi Mskoti Alexander Nimmo. Mgeni asimamapo hapo wakati wa kiangazi aweza kuona tena matanga ya hudhurungi ghubani. Wenyeji wamejiunga katika chama, wakazikarabati mashua za zamani, na vijana hufundishwa kuziendesha. Katika jumba la makumbusho lililo karibu na lile Tao, mashua nzima imetundikwa ndani, nayo imepewa jina la Máirtín Oliver, mmoja wa wafalme wa mwisho wa Claddagh, aliyekufa mwaka 1972. Nyumba hazikurudi, wala hakuna anayedai zirudi jinsi zilivyokuwa. Kilichorudi ni kazi ya mikono, kwa kuwa walikuwapo wazee waliokubali kuifundisha kabla hawajafa.