Mtembea kwa Miguu si Mwizi

Katika nchi ya Ufaransa, taifa ambalo tangu mwaka 1789 limekuwa likijinadi mbele ya walimwengu kuwa ndilo chimbuko la uhuru na usawa, mtu aendaye kwa miguu yake msituni anaweza kutozwa faini ya papo hapo ya Euro 135. Hakukata mti. Hakuua mnyama. Hakuwasha moto. Kosa lake ni kuingia, bila ya idhini ya mwenyewe, katika msitu au bonde ambalo mtu fulani ametundika ubao wa kutangaza kwamba ni mali yake. Ndivyo ilivyoagiza sheria ya tarehe 2 Februari 2023.

Sheria hiyo ilianza kwa nia njema. Katika eneo la Sologne, kusini ya mto Loire, wenye misitu ya kuwindia walikuwa wamezungusha seng'enge ndefu, nguruwe mwitu na kulungu wakafungiwa ndani kama kuku bandani, ili wageni wa matajiri wapate kuwapiga risasi bila ya kutoka jasho. Wananchi walilalamika kwa miaka mingi. Hatimaye Bunge likakubali kwamba seng'enge isizidi kimo cha sentimita 120, na chini yake iachwe nafasi ya sentimita 30 ili wanyama wapite. Hilo ni jambo jema, wala halina haja ya kubezwa. Lakini waheshimiwa hao, walipokwisha kumfungulia nguruwe mwitu mlango, wakamfungia binadamu. Ati kwa kuwa mwenye ardhi amenyang'anywa ukuta wake, basi na afidiwe kwa kupewa askari! Tena mwenye seng'enge alipewa muda hadi tarehe 1 Januari 2027 airekebishe. Mtembeaji hakupewa hata wiki moja.

Wako watakaosema kwamba haya ni makelele ya bure juu ya vijia vya porini, na kwamba Ufaransa ina misitu tele. Misitu ni tele kweli, kwani inafunika karibu theluthi moja ya nchi. Lakini robo tatu ya misitu hiyo ni mali ya watu binafsi. Mabondeni nako hali haina nafuu. Kando ya mito ya umma sheria humwachia mwenda kwa miguu ukanda wa mita 3.25, lakini kando ya mito midogo, ambayo ndiyo mingi, hakuna ukanda kama huo. Huko hata kitanda cha mto ni mali ya wenye mashamba ya ng'ambo zote mbili, kila mmoja mpaka katikati ya mkondo. Mfanyakazi wa kiwandani anayetaka kuufuata mto kutoka kijiji hadi kijiji hutegemea ama njia ya kale ya kijiji, ama hisani ya mwenye shamba. Na hisani hiyo haina mizizi, maana njia nyingi zenye alama zinapopita katika ardhi ya mtu binafsi hupita kwa mkataba, na mkataba unaweza kuvunjwa.

Inafaa kukumbusha ni nani waliozifanya njia hizo zijulikane. Hawakuwa mabwana wenye misitu. Katika msitu wa Fontainebleau, karibu na Paris, kazi hiyo ilianzwa mwaka 1842 na Claude-François Denecourt, askari wa zamani wa majeshi ya Napoléon, aliyetumia fedha zake mwenyewe kuchonga njia kati ya majabali na kuzipaka alama za rangi ya buluu. Reli ilipofika huko mwaka 1849, watu wa Paris wakawa na mahali pa kupumua siku ya Jumapili. Kabla ya hapo msitu ule ulijulikana zaidi kwa mawindo ya wafalme.

Lakini Jumapili moja haitoshi kwa mtu wa kuvuka bonde la mto. Wingi wa wafanyakazi wa Ufaransa hawakuwa na likizo ya malipo hata ulipokuja mgomo mkuu wa mwaka 1936, viwanda vikakaliwa na wavujajasho wenyewe, na serikali ya Léon Blum ikapitisha sheria ya tarehe 20 Juni iliyowapa majuma mawili ya mapumziko huku mshahara ukilipwa. Léo Lagrange, aliyeshika wizara ndogo ya michezo na mapumziko, akahakikisha kwamba mfanyakazi anauziwa tikiti ya treni kwa punguzo la asilimia 40. Wapinzani wake walimwita waziri wa uvivu. Kwao, kupumzika kulikuwa ustaarabu kwa mwenye hisa na uzembe kwa fundi wa vyuma! Lagrange aliuawa vitani mwaka 1940, akiitetea nchi hiyo hiyo.

Baada ya vita, mwaka 1947, msanifu majengo Jean Loiseau na wenzake waliunda kamati ya taifa ya njia ndefu, na kipande cha kwanza, chenye alama nyeupe na nyekundu, kikafunguliwa kandokando ya Loire, kati ya Orléans na Beaugency. Ni ng'ambo tu ya Sologne ile ya seng'enge. Kamati hiyo ndiyo iliyokuja kuwa shirikisho la watembea kwa miguu, ambalo wanachama wake hutunza zaidi ya kilomita 180,000 za njia, kwa brashi, kopo la rangi na msumeno wa mkono. Maelfu ya watu hao hujitolea bila ya mshahara. Katika nchi inayopiga hesabu ya faida hata juu ya maji ya chemchemi, hiyo si kazi ndogo.

Sasa, hatari hasa ya ubao wa mwenye ardhi iko wapi? Iko katika tabia ya sheria ya njia za vijijini. Njia hizo ni mali ya serikali ya kijiji, nazo haziwezi kufungwa kwa matakwa ya mtu binafsi. Lakini ushahidi kwamba ni njia ya umma ni kule kupitwa na umma. Ikiacha kutumika, kijiji kinaweza kuiuza. Na jirani akiilima, akaikalia waziwazi kwa miaka 30 bila ya kupingwa, anaweza kudai mahakamani kuwa ni yake. Hivyo ndivyo vijia vingi vilivyomezwa, hasa pale mashamba yalipounganishwa kwa ajili ya matrekta katika miaka ya 1950 na 1960, miti ya mipakani ikang'olewa na njia ikapotea pamoja nayo. Mtu anayemtisha mpita njia leo, hata pale asipokuwa na haki ya kumtisha, huanza kuihesabu miaka yake 30. Mwanamke mzee anayeokota uyoga hajui kama kijia anachokanyaga kimo katika daftari la kijiji. Akiona ubao na kukumbuka faini, hurudi nyumbani. Hapo njia imekwisha kupungukiwa na shahidi mmoja.

Watetezi wa sheria husema kwamba watembeaji huacha takataka, mbwa wao huwashtua wanyama, na mtu akivunjika mguu mwenye ardhi hushtakiwa. Baadhi ya hayo ni kweli. Lakini takataka zina sheria yake, mbwa ana kamba yake, na dhamana ya ajali ingeweza kuwekwa juu ya serikali bila ya kumfanya raia mhalifu. Mwaka 2023 wakazi wa milima ya Chartreuse waliandamana baada ya mmiliki mmoja kuweka mabango ya kuuzuia umma katika hekta zipatazo 750, ndani ya hifadhi ya taifa. Kama mahali panapohifadhiwa kwa jina la taifa zima hapakanyagwi na taifa, hapo anahifadhiwa nani? Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789 Bunge la Ufaransa liliwafutia makabaila haki ya kuwinda peke yao. Wajukuu wa wakulima waliozichoma hati za makabaila wanaombwa sasa wasipite hata kwa miguu.

Kifungu cha faini hakina budi kufutwa. Lakini vijiji visikae vikilingojea Bunge. Sheria ya mwaka 1983 imezipa halmashauri za mikoa wajibu wa kuorodhesha njia za matembezi, na njia ya kijiji iliyomo katika orodha hiyo haiuzwi mpaka itolewe nyingine badala yake. Sheria ya Februari 2022 nayo inasimamisha ile miaka 30 wakati kijiji kinapozihesabu njia zake. Ramani za ardhi zilizoanza kuchorwa kwa sheria ya mwaka 1807 zimo katika makabati ya mameya, na vijia vingi vya zamani vimechorwa humo. Makabati hayo na yafunguliwe, diwani mmoja na mkazi mmoja mzee watoke na ramani mkononi, waende wakavikanyage kimoja baada ya kingine.