AJENGAYE GHOROFA ACHANGIE MTARO

Maoni ya mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa kwetu Kanduyi wageni wamekuja, tena kwa wingi. Swali langu kwenu wanachama wenzangu, walimu wetu na wasomaji wote wa jarida hili ni moja tu: je, mwenyeji amepona?

Msinielewe vibaya. Mimi siwachukii wageni. Kwetu nyumbani tunakula kutokana na kodi ya nyumba wanayolipa wageni hao, na hata karo yangu hutoka huko huko. Ninachotaka kusema ni kwamba kaunti yetu iongeze ada anayotozwa mtu anapoomba kibali cha kujenga jumba kubwa, na pesa hizo zinunue mabomba, zichimbe mitaro na kutengeneza barabara za mtaa ule ule. Najua wengi mtaguna. Tafadhali nisomeni hadi mwisho, ndipo mgune.

Wazee wetu wanaikumbuka Kanduyi kama njia panda tu. Barabara kuu ilipita kutoka Webuye kwenda Malaba, nyingine ikachepuka kuingia mjini Bungoma, na kando yake yalikuwa mahindi na miwa. Leo mambo yamegeuka. Mwaka 2013 serikali za kaunti zilianza kazi, na mji wa Bungoma ukawa makao makuu ya kaunti. Mwaka 2015 Kibabii, pale barabara ya Chwele, ikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Barabara ya kutoka Kanduyi hadi Musikoma ikapanuliwa ikawa pacha. Tarehe 1 Juni 2024 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika papa hapa, katika Uwanja wa Masinde Muliro. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,670,570 katika kaunti nzima, na anayetafuta kazi, masomo au biashara humu ndani huanza kwa kuuliza chumba mjini. Palipokuwa na mahindi sasa pana ploti, na palipokuwa na ploti ghorofa inapanda.

Sasa niwaambie ya kwetu, maana nyani haoni kundule na mimi sitaki kuwa nyani.

Babu alituachia kipande cha shamba kisichofika nusu ekari. Baba alijenga vyumba kumi vya kupangisha nyuma ya nyumba yetu, na choo kimoja cha shimo kwa wapangaji wote. Chini kidogo kwenye mteremko anakaa jirani yetu, mama mzee ambaye sisi sote tunamwita Kukhu. Kukhu alikuwa na kisima. Tangu nikiwa mdogo hakuna mtu aliyenunua maji pale kwetu. Ulichukua mtungi, ukamsalimia Kukhu, ukateka, ukaenda zako. Vyumba vilipojaa, mvua za Aprili zilipokuja, maji ya kisima yakaanza kunuka. Mjukuu wake akaharisha wiki nzima. Kukhu hakututukana, wala hakwenda kwa chifu. Alikifunika kisima kwa mabati, akaweka jiwe juu yake.

Sisi ndio tuliokiharibu kisima hicho. Hatukukusudia, lakini kutokukusudia hakusafishi maji. Kodi ya vyumba kumi iliingia mfukoni mwetu, na hasara ikaingia kisimani kwa Kukhu. Hapo ndipo shina la hoja yangu lilipo. Mtu anapojenga, faida huwa yake peke yake, bali mzigo wa maji taka, takataka na msongamano huwaangukia majirani.

Tufanye hesabu kidogo, wale wa hisabati wanisahihishe. Tuseme kiwanja cha futi 50 kwa 100 kilikuwa na familia moja ya watu sita, na kila mtu anatumia mitungi miwili ya lita 20 kwa siku. Hiyo ni mitungi 12. Sasa kiwanja hicho hicho kijengwe ghorofa yenye vyumba 32, kila chumba watu watatu. Hao ni watu 96, nao watahitaji mitungi 192. Bomba la barabarani ni lile lile, na mtaro ni ule ule, kama upo. Maji yanayoingia mara 16 lazima yatoke mara 16. Yatatokea wapi? Yatatokea kwa Kukhu wa mtu fulani.

Mwaka huu baba ameleta ramani nyumbani. Anataka kubomoa vile vyumba na kujenga ghorofa. Nilipomwambia kwamba kaunti ingefaa kumtoza zaidi, alicheka kwanza, kisha akanuna.

"Wewe ndiye utalipa?" aliniuliza.

"Baba, tutalipa sisi."

"Kaunti inapata mabilioni kutoka Nairobi kila mwaka. Hiyo haitoshi? Babu yako alikatwa sevis chaji huko alikokuwa akifanya kazi, hakuona hata mtaro mmoja. Hizi pesa huwa zinaenda wapi?"

Nilinyamaza, kwa sababu alisema kweli. Mgala muue na haki yake mpe. Ile sevis chaji ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1988, watu wakakatwa kwenye mishahara na biashara zao ili mabaraza ya miji yatoe huduma. Kufikia mwaka 2000 ilikuwa imeondolewa, na wazee wengi hawaikumbuki kwa wema. Tena ni kweli kwamba Bungoma hupokea zaidi ya shilingi bilioni 10 kwa mwaka kutoka hazina ya taifa. Lakini jameni, bilioni hizo zina wenyewe tayari. Kuna mishahara, kuna hospitali na dawa, kuna shule za chekechea, kuna barabara za Mlima Elgon, Tongaren, Sirisia na kwingineko. Mkulima wa Kapsokwony anachangia vipi mtaro wa ghorofa ya baba yangu? Kwani yeye atapata kodi ya chumba kimoja?

Wengine watasema kodi ya viwanja ya kila mwaka inatosha. Ingetosha kama ingefuata mji unavyokua. Jiji la Nairobi lenyewe lilitoza kodi hiyo kwa orodha ya thamani ya mwaka 1980 kwa zaidi ya miaka 30, huku majumba yakiota kama uyoga. Kodi ya viwanja ije, ni haki, lakini huja baada ya nyumba kujaa watu. Bomba linatakiwa kabla watu hawajaingia.

Sheria haitukatazi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inatupa haki ya maji safi na ya kutosha. Kifungu cha 209 kinaipa kaunti uwezo wa kutoza ada kwa huduma inazotoa. Sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi inasema wazi kwamba kaunti inaweza kumtoza ada ya maendeleo anayeomba kibali cha ujenzi. Kwa hiyo mlango uko wazi, kilichobaki ni kuingia kwa adabu.

Nasema kwa adabu kwa sababu wapo walioingia kwa kuvunja. Mwaka 2013 Kaunti ya Kiambu ilipitisha sheria yake ya fedha yenye ada mpya. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ikaifuta, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tangazo dogo la gazeti halitoshi kuwa ndio kuuliza watu.

Hata kwa matajiri wa dunia ugomvi huu upo. Huko Marekani miji mingi humtoza mjenzi ada ya namna hii kabla ya kumpa kibali. Katika kaunti ya El Dorado, jimbo la California, mtu mmoja alidaiwa dola 23,420 za barabara ndipo aruhusiwe kuweka nyumba ndogo kwenye kiwanja chake. Akalipa, kisha akashtaki. Mwezi wa Aprili 2024 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema kwamba ada kama hiyo, hata ikiwa imepitishwa na watunga sheria, haikwepi kipimo: lazima ihusiane na mzigo unaoletwa na jengo, na ilingane nao kwa kadiri. Kesi ikarudishwa chini kusikilizwa zaidi. Mimi nakipenda kipimo hicho. Ukileta mzigo wa mitungi 192, lipa wa mitungi 192. Ukileta wa mitungi 12, usibebeshwe wa jirani.

Hivyo basi napendekeza mambo manne.

Kwanza, ada ipandishwe kulingana na idadi ya vyumba na ghorofa. Mjane anayejenga nyumba ya vyumba viwili ya kukaa yeye na watoto wake asiongezewe hata shilingi.

Pili, pesa hizo zisichanganywe na nyingine. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 inaruhusu kaunti kuanzisha mfuko maalumu kwa idhini ya bunge la kaunti. Basi uanzishwe mfuko wa maji, mitaro na barabara za mitaa, na kila mwaka hesabu yake ibandikwe ukutani kwa ofisi ya wadi: kiasi gani kimetoka Kanduyi, na kimefanya nini Kanduyi.

Tatu, mjenzi aruhusiwe kulipa kwa awamu. Ukimbana mtu alipe zote siku moja atajenga usiku. Ni kweli sheria ile ya 2019 inatisha anayejenga bila kibali kwa faini ya hadi shilingi 500,000, lakini faini haifukui shimo la choo lililokwisha kuchimbwa. Afadhali alipe kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, wananchi waulizwe, na waulizwe kwa lugha wanayoielewa.

Najua swali linalowasha ndimi. "Landilodi akiongezewa ada si atampandishia mpangaji?" Huenda. Tuseme ghorofa ile ya vyumba 32 imetozwa nyongeza ya shilingi 320,000. Hiyo ni shilingi 10,000 kwa kila chumba. Ukiigawa kwa miezi 120, yaani miaka kumi, unapata kama shilingi 83 kwa mwezi. Mwaka uliopita, bomba letu lilipokauka, mama alinunua maji ya mkokoteni kwa shilingi 20 mtungi mmoja. Shilingi 83 ni mitungi minne, na mitungi minne kwetu haifiki jioni. Mpangaji tayari analipa, tena analipa zaidi, ila hamlipi mwenye kuchimba mtaro. Anamlipa mwenye mkokoteni, daktari na duka la dawa. Landilodi mroho anaweza kupandisha kwa mia tano badala ya themanini, hilo sikatai. Lakini mroho hupandisha hata bila sababu, na vyumba vikiwa vingi vyenye maji, mpangaji atahama amwachie vyumba vyake.

Wenzangu, msidhani haya ni ya watu wazima tu. Kila mwaka kaunti huandaa mswada wa fedha, na ndani yake ndimo ada hizi huwekwa. Wananchi hualikwa kutoa maoni. Wanaoenda ni wachache, na wengi wao ni wenye majumba. Kukhu haendi kwa sababu hakuna aliyemwambia. Baadhi yetu tutakuwa na vitambulisho mwakani. Twendeni. Wale ambao hawajafikisha umri wawasomee wazazi tangazo hilo na kuwafafanulia. Chama cha Kiswahili kina kazi gani basi, ikiwa hatuwezi kumweleza mama mzee kwa Kiswahili sanifu, au cha sokoni, kile kinachoamuliwa juu ya maji yake?

Baba bado hajakubaliana nami. Anasema atalipa siku atakayouona mtaro. Mimi namwambia mtaro hautaonekana mpaka alipe. Nimefikiri sana, na naona sote wawili tuna haki. Ndiyo maana nataka sheria iandike yote mawili kwenye karatasi moja: mwenye ghorofa atoe, na kaunti ionyeshe mtaro. Moja likikosa, lingine livunjike.

Hadi leo ninapoandika, jiwe la Kukhu liko pale pale juu ya mabati. Nikipita kwenda shuleni ananiita, "Mwana wangu, soma sana." Humwambii mtu kama huyo kwamba mgeni akija mwenyeji hupona. Kwanza umpe maji.