Rezo Ikikatika, Usalama Usikatike

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayebaki nyumbani na watoto, mara nyingi ukurasa huu unawaeleza juu ya kofia, viatu na vumbi la mawe. Leo tuseme juu ya simu.

Hapa Kasindi neno ni lile lile kila siku: "Rezo hakuna." Sauti inakatikakatika, picha inazunguka nusu saa bila kufunguka, ujumbe wa asubuhi unaingia jioni. Tunalalamika, kisha tunalala. Lakini mama akishikwa na uchungu wa kuzaa saa nane ya usiku, na baba yuko kazini mbali, malalamiko hayatamfikisha hospitali. Rezo dhaifu ni hatari kama ngazi mbovu. Ngazi mbovu mtu haingoji imwangushe ndipo aitengeneze.

Kwanza tujue sababu. Mawimbi ya simu yanapita hewani kati ya mnara na mkono wako. Mlima unayazuia, bati la nyumba linayapunguza, mwamba unayafunga kabisa. Tena mnara mmoja ni wa watu wengi. Jioni, kila mtu anapofungua simu yake, intaneti inagawanyika kama bomba moja la maji lililozungukwa na ndoo mia.

Sisi wa mpakani tuna shida nyingine. Simu inapokosa mnara wa kwetu inaweza kushika ule wa Uganda, upande wa Mpondwe. Hapo angalia mambo mawili. La kwanza ni saa. Uganda iko mbele yetu kwa saa moja. Simu inayojipangia saa yenyewe itakuamsha ukidhani ni saa kumi na moja, kumbe ni saa kumi. Ukipunjwa usingizi siku baada ya siku, macho yatakuwa mazito kazini, na mashine haimsamehi anayesinzia. Panga saa ya simu kwa mkono wako mwenyewe. La pili ni namba. Ukiwa kwenye mnara wa Uganda, namba ya Kongo inayoanza na sifuri haipiti kama ulivyozoea. Andika namba zote za lazima kwa +243, na za ndugu wa ng'ambo kwa +256. Ifanye kazi hiyo leo, mchana, ukiwa na akili tulivu.

Nyumbani, fuateni haya:

1. Tafuteni mahali ambapo simu inashika vizuri. Mara nyingi ni nje ya nyumba, mbali na bati. Kila mtu wa nyumba apajue, hata mtoto wa miaka kumi.

2. Sauti isipopita, andika ujumbe mfupi wa maneno. Unapenya pale sauti inaposhindwa, na mara nyingi unangoja mpaka rezo irudi. Sema nani, yuko wapi, ana nini.

3. Usitume video wakati wa shida. Zima pia picha zinazojifungua zenyewe, zinakula mega zako na moto wa betri.

4. Andikeni namba za lazima kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Simu ikizima, karatasi haizimi.

5. Patana mapema na jirani mwenye pikipiki. Ajue kwamba usiku atagongewa mlango.

Tena, usipande mti wala kilima kutafuta rezo wakati wa mvua ya radi. Usitembee barabarani macho yakiwa kwenye kioo, maana makamio ya mpakani hayana nafasi ya kukukwepa.

Na wewe uliye mgodini? Simu inayotafuta mnara kwa shida inatoa mawimbi kwa nguvu yake yote, ndiyo maana inapata joto na betri inaisha upesi. Mawimbi hayo yanaweza kuingia katika nyaya za fataki za umeme, kwa kuwa waya ni kama antena. Basi simu isikaribie baruti kamwe. Iache pale msimamizi wa baruti anapokuamuru, na usiseme "nimeifunga sauti". Sauti si mawimbi.

Chini ya ardhi, simu ya mfukoni si chombo cha uokoaji. Hapa tunawaambia wakubwa wetu kwa heshima: simu ya waya, redio na kengele ni lazima zifanye kazi kila zamu, na zijaribiwe kabla watu hawajashuka. Kapita asiyejua zinapofanya kazi au zinapokufa hajamaliza kazi yake. Nawe usione haya kumwuliza.

Tukumbuke mwaka 2018. Tarehe 1 Agosti Ebola ilitangazwa katika eneo letu la Beni, nayo haikutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Katikati ya taabu hiyo, tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, ikarudi Januari 2019. Ugonjwa haukungoja rezo. Waliogusana na wagonjwa walitafutwa na watu waliotembea kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Miguu, jirani na mpango vilikuwapo kabla ya simu, na bado vinahitajika.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, kaeni pamoja, baba, mama na watoto. Ulizaneni: simu isiposhika usiku huu, tutamwita nani, na nani atakwenda? Msipokuwa na jibu, msilale bado.

Mnara ni wa wengine. Mpango ni wako.